Kete za Maganda ya Risasi

Nhica, 9 Mei 1971

Kwa sahibu yangu Cosme, huko Mtwara.

Bismillahi. Nakusalimu salaam nyingi, na baada ya salaam nakupa pole ya kazi. Sisi huku wazima, mimi na Zaida, Mungu ashukuriwe, ila ndege za Wareno zimerudi na shule tumeihamisha tena. Sasa tumeingia ndani zaidi, kwenye mikorosho iliyofungamana. Ubao wetu ni mbao za sanduku la risasi tulizozipaka masizi, na chaki ni vipande vya kopa la muhogo. Njaa ikizidi, wanafunzi watanilia chaki yote nibaki naandika kwa kidole.

Cosme, nimekwama. Nakwambia wewe kwa kuwa hakuna mwingine ninayeweza kumwambia bila kuona haya. Unanijua. Kule Quiterajo nilikuwa mwalimu wa chuo, nasomesha watoto Juzuu, na hesabu zangu ni zile za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa, nilizoziokota tulipokuwa vijana tukishika mnyororo wa yule mpimaji wa barabara. Unakumbuka? Wewe ulikuwa unatangulia na ncha ya mbele, kwa kuwa ulisoma misheni na uliweza kusoma namba. Mimi niko nyuma na ncha yangu, napiga kelele, "Vuta!" Ndiyo ilikuwa elimu yangu yote ya jeometria: vuta.

Sasa mwalimu wa darasa la nne kapelekwa mstari wa mbele, na darasa nimeachiwa mimi. Nimeachiwa na kitabu cha Kireno kisicho na jalada. Ukurasa wa kwanza kinasema mstari ni njia inayoachwa na nukta ikitembea. Nikafundisha. Siku ya pili kinasema nukta ni pale mistari miwili inapokatana. Nikafundisha. Ndipo akainuka Saquina, mtoto mgongoni, akasema, "Mwalimu, nimekwenda kwa nukta kuuliza mstari ni nani, nukta kaniambia. Nimekwenda kwa mstari kuuliza nukta ni nani, kanirudisha kwa nukta. Mimi nitaingia nyumba gani?"

Darasa likacheka. Mimi nami nikacheka, lakini nilikuwa natoka jasho.

Huyu Saquina lazima nikueleze. Mumewe anapigana upande wa Macomia. Yeye anataka kusomea uuguzi, na kozi ya uuguzi haimpokei mtu asiyemaliza darasa la nne. Kamarada Jerónimo, anayekagua shule zetu, kasema atakuja Desemba kunipima mimi na darasa langu. Nikishindwa, darasa la nne linafungwa na wanafunzi wanavushwa mto wakasome Tanzania. Wanaume wataweza. Saquina na wenzake wenye watoto wachanga na wakwe wagonjwa hawataweza kwenda kokote. Kwao itakuwa ndiyo basi.

Njoo, Cosme. Ukishindwa kuja, niandikie. Nukta ni nini?

Zaida anakusalimu. Anasema ukija hapiki panya.

Mimi sahibu yako,
Amisse

*

Mtwara, 30 Mei 1971

Kwa mtani wangu Amisse, mvaa kofia.

Amani ya Bwana iwe nawe. Mwambie shemeji Zaida kwamba panya wa kwetu uwandani ni nyama ya wenye akili, na ninyi watu wa pwani mngekula panya mngejua nukta ni nini.

Saquina kauliza swali ambalo wakubwa wamelihangaikia miaka mingi. Usimwone mkorofi. Sikiliza sasa. Kila neno unalieleza kwa maneno mengine, sivyo? Na hayo mengine kwa mengine tena. Ukiendelea hivyo, mambo ni mawili: ama utazunguka urudi ulipoanzia, kama kitabu chako, ama hutafika mwisho mpaka Kiyama. Kwa hiyo mtu mwenye busara husimama mahali. Husema: maneno haya machache siyaelezi. Naanza nayo. Nukta, mstari, kupita. Yaliyobaki yote nitayaeleza kwa haya.

Utaniuliza, kama sijui nukta ni nini nitaitumiaje? Amisse, wewe unacheza bao. Kete ni nini? Kwenu mnachezea komwe. Kwetu tulichezea mawe. Hapa kambini vijana wanachezea maganda ya risasi, na bao ni lile lile, anayefungwa anafungwa vile vile. Hakuna aliyesimamisha mchezo kuuliza kete ni kitu gani hasa. Kete ni ile inayokwenda kama kete. Tunaandika kanuni za mwendo wake, tunakubaliana, tunacheza. Na nukta ni hivyo hivyo.

Kanuni hizo za kuanzia ziite kauli za mwanzo. Nakupa mbili za kushika kwanza:

Kwa nukta mbili zozote zilizo tofauti, upo mstari mnyoofu unaozipita zote mbili, wala hakuna wa pili.

Zipo nukta tatu ambazo hakuna mstari mmoja unaozipita zote.

Nimekuchorea chini hapa, kwa rula ya kamarada mmoja wa ofisini, uone nilivyo na mkono wa mpimaji hadi leo.

Kuja nitakuja. Mwezi ujao kuna msafara wa kuvusha mbao za kuandikia kwa ajili ya shule zenu, nimeomba niwe mmoja wa wachukuzi. Nitunzie chaki moja usiile.

Wako,
Cosme

*

Nhica, 18 Julai 1971

Kwa Cosme.

Salaam. Nimekungoja Juni yote. Msafara ulifika nusu, na waliofika hawakutaka kusema mengi. Nikauliza habari zako, wakaniambia hukuwa pamoja nao kwenye kuvuka, labda ulirudishwa ofisini. Nimeshukuru Mungu, lakini ungeniandikia hata mstari mmoja.

Barua yako niliisoma mpaka ikachanika mikunjo. Michoro yako niliikata nikaibandika ubaoni kwa ulimbo. Kauli za mwanzo nimezifundisha kwa njia ninayoijua mimi. Nimewasomesha kwa sauti, wote pamoja, mbele na nyuma, asubuhi kabla ya kuanza na adhuhuri kabla ya kutawanyika. Wanazo kifuani. Ukiwaamsha usingizini watakusomea.

Nilifurahi, Cosme. Nilisema, kumbe hesabu ni kama dini! Kuna mambo unayapokea bila kuuliza, hayo ni nguzo, halafu unajenga juu yake. Hili nalielewa. Nimekaa nalo maisha yangu yote.

Basi Saquina kanyoosha mkono. "Mwalimu, na tukizikataa?"

Nikamwambia, "Unakataa vipi jambo la msingi?"

"Sikusema nakataa. Nauliza, tukizikataa, kunakuwaje?"

Nikaona anafanya mzaha na kitu kisichofanyiwa mzaha. Nilimtoa mbele ya wenzake. Nilimwambia moyo wa ubishi haujengi kitu, akae nje mpaka atakaposoma kauli kwa adabu. Alifunga mtoto vizuri mgongoni, akasema, "Haya, shikamoo mwalimu," akaondoka. Wiki ya pili sasa hajarudi.

Zaida haniungi mkono. Niambie nimefanya sawa.

Amisse

*

Mtwara, 2 Septemba 1971

Kwa ndugu yangu Amisse.

Amani kwako na kwa shemeji. Utaona mwandiko si wangu. Nimeumia mkono, si jambo kubwa, na mpwa wangu Luísa, anayefanya kazi hospitalini hapa, ananiandikia ninayosema. Yeye anakusalimu. Msafara wa Juni sikuufikisha mwisho. Tuyaache hayo.

Hukufanya sawa. Nakwambia kwa kuwa wewe nawe ungeniambia.

Mtani, imani ni imani. Mimi nasali Baba Yetu na wewe unaswali swala tano, na hakuna hata mmoja wetu aliyekaa na Mungu mezani wakaafikiana masharti. Lakini kauli za mwanzo hazikushuka mbinguni. Ni maafikiano. Ni kama watu wawili kabla ya kucheza bao: "Tunacheza la kujifunza au la kiswahili?" Ukikubali hili, mchezo unakwenda hivi. Ukikubali lile, unakwenda vile. Anayeuliza "tukikataa kunakuwaje?" hamtukani mtu. Anauliza mchezo mwingine utakuwaje. Wapo waliouliza hivyo wakagundua jeometria nyingine nzima, yenye nguvu kama hii tuliyoizoea.

Nenda kwa Saquina. Nenda wewe mwenyewe, kwa miguu yako, usimtume mtu.

Na jambo la pili. Ondoa ile michoro ubaoni. Sitaki kuchora tena, wala nisingependa uchore. Mchoro unakudanganya. Unatazama, unasema "si unaona?", halafu unadhani umethibitisha. Jenga kwa kauli peke yake, kama mtu aliye gizani anayepapasa ukuta na kujua kwa yakini mlango uko wapi. Nitakupa mfano ufanye na darasa, bila kuchora hata kidogo:

Mistari miwili tofauti haiwezi kukutana kwenye nukta mbili.

Kwa nini? Tuseme imekutana kwenye mbili. Basi kila mmoja wao unazipita nukta hizo zote mbili. Lakini tulikubaliana kwamba unaozipita nukta mbili ni mmoja tu, hakuna wa pili. Sasa hiyo ni mistari gani miwili? Ni mmoja uliouita majina mawili. Na sisi tulisema ni tofauti. Haiwezekani. Basi.

Umeona? Sijachora kitu, na hakuna mtu duniani atakayenivunjia ukuta huo.

Wako,
Cosme, kwa mkono wa Luísa

*

Nhica, 24 Oktoba 1971

Kwa Cosme, sahibu yangu.

Bismillahi. Tumeingia mwezi mtukufu, tunafunga, na kwenye mfungo huu nimekumbuka kukuombea huo mkono.

Nilikwenda. Kwa Saquina ni mbali kidogo, kule mashamba ya muhogo ya ukweni kwake. Nilimkuta anatwanga na mkwewe kalala kwenye jamvi anakohoa. Nikasema hodi, nikamwambia, "Nimekuja kukujibu swali lako. Ukizikataa, unacheza mchezo mwingine. Mimi sikujua."

Aliendelea kutwanga. Halafu akasema, "Mwalimu, umetembea jua lote hili kwa ajili ya nukta?"

"Kwa ajili yako."

Mkwewe, ambaye nilidhani kalala, akasema toka jamvini, "Mpe maji mwalimu, halafu mwende. Mimi sifi kabla ya Desemba, nataka kuona huyo Jerónimo wenu."

Siku ya pili Saquina alikuwa darasani.

Michoro yako nimeibandua, roho ikiniuma maana ilikuwa mizuri. Tukafanya ule uthibitisho kwa mdomo mtupu. Mara ya kwanza hakuna aliyeelewa, mimi nikiwa wa kwanza wao. Mara ya pili Sufo, yule mwenye kovu la shavu, akasema tuweke vitu tunavyovijua. Badala ya nukta tuseme visima, na badala ya mistari tuseme njia. Tukasema sawa. Kati ya visima viwili kuna njia moja tu, hakuna ya pili. Basi njia mbili tofauti haziwezi kukutana kwenye visima viwili.

Saquina akacheka. "Sufo, wewe unachota maji wapi? Kati ya kisima cha juu na cha bondeni zipo njia mbili. Ya zamani na hii tunayozunguka nayo toka walipofukia mabomu."

Sufo akasema, "Basi mwalimu Cosme kakosea."

"Hakukosea. Visima vyetu havikukubali ile kauli ya kwanza. Kauli haipo, na jawabu lake halipo. Mahali popote kauli ilipo, jawabu lipo, iwe visima, iwe kete, iwe maembe."

Cosme, nilikaa chini kwenye gogo. Nilikuwa nimeomba Mungu anielimishe, na nilitazamia malaika labda, kumbe ni mama mwenye mtoto anayelia kutaka kunyonya. Nimelielewa jambo lako siku ile. Siwezi kukueleza furaha yangu.

Lakini naogopa kwamba Jerónimo atataka michoro. Kwa hiyo nimejaribu kuchora pembetatu na mistari yake ya kati, ile ya ukurasa wa ishirini. Nimekuwekea karatasi humu. Itazame uniambie kama mistari imekaa sawa, maana mkono wangu si wa mpimaji. Nambie kweli usinibembeleze.

Ukipona uje. Bado kuna nafasi kabla ya mvua kubwa.

Amisse

*

Mtwara, 16 Novemba 1971

Kwa Amisse.

Amani kwako, na nakutakia Idi njema itakapofika. Luísa aliponisomea habari ya visima nilicheka mpaka muuguzi mkuu akaja kuuliza nani kapewa dawa isiyo yake. Mwambie Saquina namvulia kofia, ingawa kofia ni zenu.

Mchoro wako nimeutazama vizuri. Mistari imenyooka safi, na ya kati yote mitatu inakutana mahali pamoja kama inavyotakiwa. Umepata mkono mzuri uzeeni. Usiogope kuuonyesha.

Kuhusu kuja, ndugu yangu, tuache kulizungumza. Kazi hapa ni nyingi na wenye nguvu zaidi yangu wapo. Wewe unatosha. Huhitaji mtu wa kushika ncha ya mbele tena. Jibu maswali ya Jerónimo moja moja, na ukiwa hujui sema hujui.

Nakuombea kwa Mama Maria, nawe uniombee kwa Mola wako.

Cosme, kwa mkono wa Luísa

*

Nhica, 21 Desemba 1971

Kwa Cosme, ndugu yangu.

Bismillahi. Keti kwanza. Nina mambo mawili, nitaanza na la Jerónimo kwa kuwa ndilo jepesi.

Alikuja, kachoka, miguu imevimba, hakutaka hata chai. Akasimama mbele ya darasa akaniuliza, "Mwalimu Amisse, nukta ni nini?"

"Hatulisemi hilo, kamarada."

"Hamlijui?"

"Tunajua pa kusimama. Tunasema nukta inakwendaje."

Akakunja uso. Akafungua kitabu chake akatazama, akafunga. Akamwita Saquina ubaoni, akamwambia athibitishe kwamba mistari miwili tofauti haikutani kwenye nukta mbili. Saquina akachukua kopa achore kidogo. Jerónimo akafuta kwa kiganja. "Bila hiyo."

Nadhani alikuwa anamtega. Hakujua kwamba kamfungulia mlango. Saquina alimpa mtoto Sufo, akafunga macho, akayasema yote kutoka mwanzo mpaka mwisho, taratibu, kama mtu anayefungua pindo la kanga. Alipofika "basi," mtoto naye akapiga kelele, darasa likacheka, na Jerónimo akacheka. Alisema, "Mimi hilo niliambiwa nikariri. Sijawahi kulisikia likitembea."

Halafu akanigeukia mimi. Eneo la duara nikakosa. Kuzidisha sehemu kwa sehemu nikakosa hesabu mbili. Nilisema sijui pale nilipokuwa sijui, kama ulivyoniagiza, na nilisema mara nyingi. Ameandika hivi: darasa la nne halifungwi, lakini mimi peke yangu sitoshi. Mvua zikiisha awepo mwalimu anayejua, akae na mimi, la sivyo watu wavushwe mto. Akauliza, "Nani kawafundisha kuacha mchoro?"

Nikasema yuko Mtwara.

"Na kwa nini hayupo hapa?"

Nikamwambia nitakuandikia. Hapo ndipo linapokuja jambo la pili.

Siku moja baada ya barua yako ya Novemba, Zaida aliinua mkeka wetu kuukung'uta. Chini yake akakuta karatasi. Ni pembetatu yangu. Cosme, niliisahau. Haikuingia kwenye bahasha. Haikuvuka mto. Ule mchoro uliousifu, mistari yake iliyonyooka safi, ulikuwa chini ya mgongo wangu mimi ninalala juu yake.

Nilidhani kwanza ulinibembeleza kwa uvivu, nikakasirika. Zaida ndiye aliyesema, "Amisse, zitoe barua zake zote." Nikazitoa. Ya Mei ilikuwa na michoro. Ya Septemba na ya Novemba hazina hata kistari. "Sitaki kuchora tena." "Kama mtu aliye gizani." "Luísa aliponisomea." Mkono ukiuma mtu hasomi mwenyewe? Tulitazamana na Zaida. Akaanza kulia, akaenda jikoni.

Sikuulizi ilikuwaje. Nimeelewa kuwa msafara wa Juni ndio uliokuchukulia macho, na nimeelewa umenificha miezi yote hii. Sikulaumu. Lakini hoja yako ya "wenye nguvu zaidi wapo" naivunja, na naivunja kwa kauli zako mwenyewe.

Wewe ulisema jeometria haitaki macho. Wewe ulisema anayetegemea kutazama bado hajathibitisha. Hayo umeyakubali, umeyatia saini, Luísa shahidi. Basi mwalimu wa jeometria asiyeona ni mwalimu mzima. Ukikataa hilo, kataa na zile kauli, turudi kwenye kitabu kisicho na jalada. Chagua.

Na kwa sababu najua ubishi wenu watu wa uwandani, nakutumia na kitu. Zaida kasuka kitanga, kijamvi kidogo cha ukindu, na juu yake kashona ile pembetatu kwa uzi wa katani uliosokotwa mnene. Nukta ni vifundo. Mistari imetuna. Pitisha kidole. Safari hii hebu niambie kweli kama imekaa sawa, usinibembeleze. Darasa wameshaanza kushona nyingine. Hata mkwewe Saquina anashona duara toka jamvini, anakohoa na kushona.

Mtoni nitakuja mimi mwenyewe kukupokea.

Amisse

*

Mtwara, Januari 1972

Amisse

Hii nimeiandika mwenyewe. Luísa anasema maneno yamepandana, na mistari yangu inakutana hapa, inaachana, inakutana tena kule. Kwa hiyo si minyoofu, thibitisha mwenyewe.

Ni kweli. Ilikuwa Juni, njiani, kabla ya mto, na mzigo wa mbao kichwani. Aliyekuwa mbele yangu alikanyaga bomu la kufukiwa, hakubaki. Mkono nao niliumia, hilo sikudanganya. Nilikuficha kwa kuwa niliogopa utanihurumia. Niliogopa zaidi kwamba ukishajua utaacha kuniuliza maswali.

Kitanga cha shemeji nimekishika siku nzima. Mistari miwili ya kati imekaa sawa. Wa tatu umepita pembeni ya kifundo, karibu upana wa ukucha. Hautaki kubembelezwa, ufumuliwe ushonwe upya.

Nimesoma barua yako kwa macho ya Luísa mara nyingi, natafuta pa kuivunja. Sijapaona.

Mvua zikipungua nitafika ukingoni na wachukuzi wa chumvi. Luísa atanileta hadi majini. Upande wenu kuwe na kamba ndefu, kama ule mnyororo wa yule mpimaji tuliouzoea. Ila safari hii ncha ya mbele utashika wewe, utembee taratibu. Mimi nitakuwa nyuma, nikupigie kelele: vuta.

Cosme